Spea za Sauti ya Babu

Mimi nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu, mikono inaniwasha. Nimekuwa hivyo tangu utotoni na nimechapwa kwa ajili hiyo si mara moja. Redio ya baba niliifungua nikakuta hamna mtu ndani, nikanuna siku nzima. Ukubwani nimekuwa fundi cherehani, nina kibanda changu Mapinga kando ya barabara ya Bagamoyo, na mashine zangu nazitengeneza mwenyewe kwa sababu mafundi wengine wananitia hasira. Wanafungua, wanafunga, skrubu moja inabaki mezani, halafu wanakwambia hiyo haikuwa na kazi. Kama haikuwa na kazi aliyeitia aliitia ya nini?

Kwa hiyo gramafoni ya shangazi ilipoharibika, niliidaka kabla hajamaliza kusikitika.

Sisi nyumbani hatukuiita gramafoni. Tuliiita kinanda. Ni sanduku jeusi la kubeba mkononi, ukilifungua unakuta sahani ya kuzunguka, mkono wenye sindano, na ubavuni tundu la kuingiza mpini wa kutilia ufunguo. Lilikuwa la babu, baba yake shangazi, mkulima wa Fukayosi aliyehamia Bagamoyo mjini na mkewe, yaani bibi yangu. Babu alikufa kwa homa wakati shangazi ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na baba yangu yumo tumboni. Watoto wake wote wawili hawakumjua. Picha hakuacha. Kanzu zake ziligawiwa kama ilivyo ada. Kilichobaki ni hicho kinanda na santuri moja, karatasi yake ya katikati imeliwa na mende mpaka pamebaki duara jekundu lisilosomeka. Na kwenye santuri hiyo anaimba babu.

Ndivyo tulivyolelewa. Kila Idi Pili, baada ya kula, shangazi alitandika mkeka ukumbini, akakitoa kinanda kwenye kanga alikokifunga, akakitia ufunguo yeye mwenyewe. Watoto tulikatazwa hata kujikuna. Kwanza ilikuja fidla, ikijivuta. Ikafuata ngoma, nzito kama watu wanaopanda ngazi na magunia. Kisha babu. Sauti ya chini, nene, inaburura maneno mpaka unataka kumsaidia, akisimulia habari ya mlimau aliopanda mlangoni pake ukawazalia wapita njia. Tulidhani watu wa zamani walikuwa hawana haraka. Wimbo ukiisha tulipangusa nyuso kwa viganja, tukasema Mungu amrehemu, na shangazi akabaki anaitazama ile sahani mpaka isimame kabisa.

Bibi alikuwa hakai. Aliishi mpaka nikawa msichana mkubwa, na sikumbuki hata Idi moja aliyousikiliza wimbo ule ukaisha. Sindano ikigusa tu, anakumbuka pilau. "Wacha nikatazame jiko," anasema, anajitanda kanga, anaondoka. Tulisema hawezi kuvumilia, bado anamlilia mumewe. Alikataa kuolewa tena, akawalea watoto wake wawili kwa kupika vitumbua, basi nani angemshangaa.

Idi ya mwaka juzi shangazi alikuwa anatia ufunguo, ndani ya sanduku kikalia kishindo, mpini ukageuka ukamgonga kifundo cha mkono. Hakujishika mkono. Alilishika sanduku.

"Baba amekatika," alisema.

"Spiringi ndiyo imekatika, shangazi. Babu mzima."

"Spiringi ndiyo nini? Anasikika au hasikiki?"

"Kwa sasa hasikiki."

Mwanamke yule ana zaidi ya miaka sabini, amezika mume, amemzika na mdogo wake ambaye ni baba yangu, na sijamwona akitetemeka mdomo kama siku ile. "Sina kingine cha baba," alisema. "Weye una kiherehere cha kufunguafungua, haya, leo nakupa ruhusa. Mtengeneze. Lakini usije ukanibadilishia."

Nikaondoka nacho kwenda Mapinga, nimekipakata kama mtoto wa kliniki.

Nilikifungua jioni ileile, nguo za wateja zikanisubiri. Raha iliyonipata siwezi kuieleza kwa mtu asiyependa vyuma. Chini ya ubao kulikuwa na kopo la duara, na ndani yake utepe mrefu wa chuma umejikunja, umekatika karibu na kitovu, umezama kwenye grisi iliyoganda kama halua ya juzi. Pembeni magurudumu ya meno, machafu lakini mazima. Na pale mwisho, kwenye mhimili mwembamba, kulikuwa na kidude ambacho sikukielewa: virisasi vitatu, kila kimoja kimeshikiliwa na kibati chembamba. Nilikizungusha kwa kidole nikaona virisasi vinatanuka. Nikazungusha tena. Niliacha kupika usiku ule, mimi na mwanangu tukala mkate.

Shughuli ya kutafuta spea ndiyo iliyonila. Nilijaribu spiringi ya futi ya kupimia, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe. Ikazunguka kidogo ikajinyonga. Nilijaribu kuunga ule utepe uliokatika, ukanichana kiganja. Raba za kile kichwa kinachobeba sindano zilikuwa zimekauka zikawa kama makombo. Hizo nilizipata kwa mafundi baiskeli, ule mpira mwembamba wa valvu, ukiukata kwa kipimo unakaa kama ulizaliwa humo. Kipande cha ngozi kinachogusana na kile kidude nilikikata kwenye makubadhi ya marehemu mume wangu. Alikuwa akisema nitatengeneza mashine mpaka kwa ngozi yake, nikamkumbuka nikacheka peke yangu.

Utepe wenyewe ilibidi uagizwe nje. Kwenye simu nilimpata muuzaji mmoja India anayehangaika na takataka hizihizi, mtu mwenye maneno machache, kila nikimwandikia ananijibu kwa picha. Nikamwambia mimi sitaki ugonjwa urudi, nitumie kila kinachochakaa. Kifurushi kilikaa njiani mpaka nikakisahau. Kilipofika nilikuta utepe mpya, sindano, na kijibahasha chenye vibati vitatu vidogo mno, unaweza kuvipoteza kwenye ukucha. Nikavifananisha na vile vya kwenye kidude. Vipya vilikuwa vigumu zaidi. Vya zamani vilikuwa laini, na kingo zake zimekatwa kwa mkasi, hazilingani.

Utepe niliutia mwenyewe, lakini vibati vilihitaji mtu wa vitu vidogo. Bagamoyo mjini kuna fundi saa ambaye siku hizi anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu na kufufua rimoti, mzee wa makamo mwenye maneno mengi kuliko kazi. Nilimpelekea sanduku, akaliinamia, akasahau kunikaribisha.

"Hii gavana hii," alisema. Nikamuuliza gavana ndiyo nini, akanitazama kwa huruma. "Mashine ya kusaga unaijua? Ina gavana inayoizuia isikimbie. Na hii ndiyo hivyohivyo. Ikizunguka, risasi zinatanuka, kisahani kinagusa ngozi, mwendo unatulia. Sasa tazama hivi vibati. Si vyake hivi. Mtu amekata spiringi ya saa ya mezani akavitia. Vimelegea. Hii mashine miaka yote imekuwa ikitambaa."

"Imekuwa ikienda vizuri tu," nikamwambia.

"Umeijuaje kama ni vizuri?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa ameshaliinamia tena sanduku. Akatia vibati vya India. Akapulizia mafuta kijiti kimoja cha chuma kilicho kando ya sahani, ambacho sote nyumbani tulijua ni pambo, akakitikisa mpaka kutu ikaachia na kijiti kikaanza kwenda mbele na nyuma. Akachomeka kipande cha karatasi chini ya santuri, akatazama saa yake, akahesabu mizunguko, akakisogeza kijiti kidogo, akahesabu tena. "Hapo," alisema. "Santuri hizi zina mwendo wake, na mwendo wake ni huu." Akaweka sindano.

Fidla ikatoka inacheka. Sikuijua. Ngoma ikaja nyepesi, ya kuchezeka. Halafu akaimba mwanamke.

Nilidhani amegeuza santuri upande wa pili. Lakini maneno yalikuwa yaleyale, mlimau uleule, mlango uleule, ila sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, nyembamba, safi, ina kiburi kidogo.

"Babu yako alikuwa na sauti nyororo," alisema fundi.

Nikamjia juu. Nilimwambia ameniharibia mashine, nilimwambia arudie kuhesabu, nilimwambia saa yake mbovu na ndiyo maana watu wanamletea simu. Akarudia kuhesabu bila kukasirika, na hilo likanikera zaidi. Kisha, wimbo ukiendelea, akakivuta kijiti nyuma polepole. Yule mwanamke akaanza kuzama. Sauti ikashuka, ikanenepa, fidla ikachoka, na pale pale chini ya kidole cha fundi akatoka babu yangu, anaburura maneno kama kila Idi ya maisha yangu. Nywele zilinisimama. Akakisukuma mbele, babu akaondoka.

"Huyo unamjua?" aliniuliza.

Nilikuwa ninamjua. Bibi akikuna nazi alikuwa akiimbaimba chini kwa chini, na alikuwa na namna yake ya kulipandisha neno la mwisho halafu kulikata, kama mtu aliyekumbuka kitu. Yule kwenye santuri alilipandisha, akalikata.

Kabla ya kuolewa bibi aliishi Unguja kwa ndugu zake, hilo tulilijua. Kwamba aliimba, hakuna aliyetuambia. Pengine mjane mwenye watoto wawili, anayepikia watu vitumbua na kutaka aheshimiwe, hakuona faida ya kuwatangazia watu kwamba sauti yake inauzwa madukani. Nakisia tu. Aliyezikata zile spiringi za saa na wakati aliozikata sijui, na kutojua huko kunaniwasha mpaka leo.

Nilirudi na sanduku nikiwa sina raha. Udadisi wote umenitoka. Nilijua shangazi ana nini duniani cha baba yake: hiyo sauti, basi. Nikaona nikimwambia nitakuwa nimemuua babu mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi. Nikakata shauri. Nilikivuta kijiti nyuma mpaka pale babu anapokaa, nikaweka alama ndogo kwa chaki ya kukatia nguo, nikasema nitanyamaza.

Nikampelekea asubuhi, siku ya kawaida tu, maana hakutaka kungoja Idi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Yupo?"

"Yupo."

Tulitandika mkeka, tuko wawili. Nikatia ufunguo, nikaweka sindano. Babu akaimba. Shangazi alifumba macho, na uso wake ukalegea, nikasema moyoni basi, yamekwisha, mimi na fundi tutakufa nalo. Alisema, "Hata hajapata mafua." Tukacheka.

Lakini kiherehere changu nimekirithi, sikukiokota. Alifumbua macho, akakitazama kile kijiti kilichong'arishwa na mafuta. "Hili pambo mbona linachezacheza?" alisema, na kabla sijanyoosha mkono akakisukuma.

Sauti ikapanda. Alishtuka akauondoa mkono, lakini kijiti kilikuwa kimeshafika mbele. Yule mwanamke akaimba ubeti mzima. Likaja neno la mwisho, likapandishwa, likakatwa.

"Mama," aliita shangazi. Aliita kama mtu anayemwita aliyeko jikoni, na akageuka kweli kutazama upande wa jikoni.

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya vibati na saa ya mezani na mwendo wake, nikieleza haraka haraka kama mtoto aliyevunja sahani. Sidhani alinisikia. Santuri ikaisha, ikawa inakwaruza, nikainyanyua sindano.

"Nilikuwa mdogo," alisema baadaye. "Watoto wenzangu wana baba, mimi sina. Nililia siku hiyo mpaka nikatapika. Mama akanikalisha, akakitia ufunguo hiki, akaniambia nyamaza, baba yako huyo anakuimbia. Nikanyamaza." Akakunja kanga yake, akaikunjua. "Kumbe alinidanganya."

"Alikubembeleza, shangazi."

"Alinidanganya. Sasa mimi sina baba hata wa kusikia."

Alilia, na mimi nililia, na nilijichukia kwa kuagiza vile vibati ambavyo hakuna aliyenituma. Nilimwambia vya zamani ninavyo kwenye kopo la vifungo, navirudisha leo leo. Akatikisa kichwa. Akaniambia niondoke, nimwachie kinanda.

Siku zilizofuata hakupokea simu yangu. Mtaani waliniambia yuko salama, anakwenda sokoni kama kawaida, ila nyumbani kwake mchana unasikika muziki. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda bila kualikwa. Nilimkuta amekaa chini anakuna nazi, kinanda kiko mbele yake, kijiti kimesukumwa mpaka mbele, na bibi anaimba. Shangazi alikuwa anaimba naye. Neno la mwisho alilipandisha akalikata, na hakujua kwamba analikata.

"Sindano zinakwisha," aliniambia badala ya salamu. "Muulize huyo Mhindi wako."

Sikumuuliza kama ameamua wengine waambiwe. Nilikuwa na hamu ya kujua, Mungu ndiye shahidi.

Idi iliyopita tulijaa kwake. Mwanangu alikuwa ameoa karibuni, mkewe binti wa Lugoba, mchangamfu, hiyo ndiyo Idi yake ya kwanza kwetu. Tulikula, mkeka ukatandikwa, kinanda kikatolewa kwenye kanga. Nilikitazama kijiti. Shangazi alikivuta nyuma mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye alama yangu ya chaki, ambayo sikujua kama aliwahi kuiona. Akaweka sindano.

Fidla ikaja ikijivuta. Ngoma ikapanda ngazi na magunia yake. Ile sauti nene ikaanza habari ya mlimau, na watu wote wakatulia kama zamani.

Mkamwana wangu akainama kumnong'oneza shangazi, kwa adabu kabisa. "Bibi, huyu anayeimba ni nani?"

Shangazi alimtazama yule binti, akanitazama na mimi.

"Baba yangu," alisema.

Kisha akajiegemeza kwenye goti, akanyanyuka, akajitanda kanga. "Wacha nikatazame jiko."

Nilimfuata. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa, masufuria yameshaoshwa, na moto ulikuwa umezimwa tangu adhuhuri. Alikuwa amesimama mbele ya jiko tupu, ameegemea ukuta, anasikiliza. Nikaenda nikasimama karibu naye mpaka wimbo ukaisha.